Kutoa hewa kwenye breki nyumbani: msaidizi, chupa, pampu ya kusukuma au pampu ya kuvuta?

Pedali laini haijifichi Mombasa. Utaijua kwenye mteremko wa kuingilia feri pale Likoni, gari limeelekea majini na mguu hauwezi kubanduka kwenye breki. Utaijua zaidi ukishuka kutoka Kwale kwenda Kombani, breki zikishapata moto. Mara nyingi dawa ni kutoa hewa, au kublidi kama wasemavyo mafundi, na kazi hiyo inawezekana uani kwako kwa vifaa vichache. Kinachowakwamisha wengi ni njia ipi waifuate, kwa sababu kila duka la spea lina kifaa cha kukuuzia na kila jirani ana ushauri wake.

Tuseme msimamo wetu mapema. Kwa Vitz, Probox, Fielder isiyo haibridi na ndugu zake, njia ya watu wawili bado ndiyo bora kwa anayeanza, ilimradi kuwe na kipande cha mbao chini ya pedali. Anayefanya peke yake kila mara anunue pampu ya kusukuma. Pampu ya kuvuta, ambayo ndiyo hununuliwa sana, tunaiweka nyuma ya hizo mbili, na sababu zake tutazieleza.

| Njia | Watu | Muda, magurudumu manne | Kosa lake kubwa |
|---|---|---|---|
| Kukanyaga pedali | 2 | dakika 45 hadi 60 | mguu kuachia mapema |
| Chupa na mpira | 1 | kama saa 1 | hewa kurudi kwenye nyuzi za nipo (skrubu ya kutolea hewa kwenye kila gurudumu) |
| Pampu ya kusukuma | 1 | dakika 30 hadi 40 | kifuniko kuvuja |
| Pampu ya kuvuta | 1 | kama saa 1 | mapovu ya uongo |
| Kuachia yatiririke | 1 | saa 2 au zaidi | kikopo cha mafuta ya breki kukauka ukiwa umesahau |

Muda huo ni baada ya gari kuinuliwa na nipo zote kukubali kufunguka. Kwa gari lililokaa pwani miaka kadhaa, hilo la pili si jambo la kudhania.

Kwanza, ni hewa kweli?

Njia zote tano zitakupotezea siku kama tatizo si hewa. Zima injini, kanyaga mara nne au tano kuumaliza upepo wa busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu), kisha usikilize mguu wako. Pedali inayobonyea kama sifongo, halafu ikapanda na kukaza kila unapoikanyaga haraka haraka, ina hewa. Pedali iliyo chini lakini ngumu, inayopanda ukikanyaga mara ya pili, mara nyingi inadai breki shu za nyuma zisogezwe karibu na drami, lile pipa la chuma linalozunguka na gurudumu. Probox na Vitz nyingi zina drami nyuma, na watu wamemwaga lita nzima ya mafuta kutafuta hewa ambayo haipo. Pedali inayozama polepole ukiwa umeishikilia tu ni uvujaji: tazama ndani ya magurudumu, na kama kote ni kukavu, raba za masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali) zimekwisha. Pedali inayotetemeka ukifunga breki ni habari ya diski, haihusiani kabisa na kublidi.

Mafuta yenyewe

Mafuta ya breki kusema kweli si mafuta. Ni kimiminika kinachonyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Mombasa haina uhaba wa maji. Daraja lake huandikwa kwa DOT: DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205 za selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji kufikia kama asilimia 3.7, kiwango chake cha chini cha kuchemka kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kama hewa, na pedali inashuka hadi chini katikati ya mteremko. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaja kuyabadilisha kila miaka 2 hata kama pedali ni ngumu.

Soma kifuniko cha kikopo. Kikisema DOT 3, waweza kutia DOT 3 au DOT 4, maana ni jamii moja na huchanganyika. DOT 5 ni silikoni, usiiguse, DOT 5.1 ni kitu kingine na si silikoni, ingawa majina yamekaribiana kiasi cha kumchanganya hata muuza duka. Mafuta ya steringi, ya gia otomatiki au ya injini hayaingii humo hata tone, kwa sababu huvimbisha raba zote kuanzia masta silinda hadi kwenye kalipa (kibanio cha diski gurudumuni), na gharama yake ni kubadilisha zote.

Kutoa hewa tu kunahitaji mililita 250 hadi 500. Kubadilisha mafuta yote, nunua lita 1. Chukua chupa ndogo ndogo badala ya dumu moja kubwa, na hakikisha muhuri wake ni mzima. Chupa iliyofunguliwa na kukaa kabatini msimu mzima wa mvua usiitegemee, hata kama bado ina rangi nzuri.

Nipo zenye kutu

Hapa ndipo kazi huharibika, na ndipo tunaomba uvumilivu. Upepo wa chumvi hula nyuzi za nipo, hasa pale ambapo kofia yake ya mpira ilipotea zamani. Siku moja kabla, safisha kila nipo kwa brashi ya waya, pulizia dawa ya kulainisha kutu, iache ilale nayo. Kesho yake tumia soketi ya pembe sita inayokaa barabara, kwa kawaida namba 8 au 10. Spana ya mdomo wazi itazungusha kona na kuacha kitu cha duara kisichoshikika. Kaza kidogo kwanza, robo ya robo, halafu ndipo ulegeze. Mkazo ule wa kwanza huvunja kutu. Ikikataa, gonga kichwa chake taratibu kwa nyundo ndogo na upulizie tena.

Ikikatika ndani ya kalipa, umehama kutoka kazi ya uani kwenda kazi ya mtu mwenye kuchimba na kukata nyuzi upya. Kwa hiyo nipo ikianza kujisokota bila kufunguka, simama hapo. Jaribu zote nne kabla ya kuanza kutoa hewa, funga tena, ndipo uendelee. Hakuna haja ya kugundua kwamba ya nne haifunguki wakati tatu umeshazimaliza.

Kuinua gari: viwanja vyetu vingi ni mchanga. Jeki huzama na stendi huinama. Weka ubao mnene chini ya kila mguu wa stendi, na usiingie popote palipoinuliwa na jeki peke yake.

Utaratibu wa magurudumu ni mmoja kwa njia zote: anza lililo mbali zaidi na masta silinda. Magari yetu yana usukani kulia na masta silinda iko upande huohuo, kwa hiyo ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yana utaratibu tofauti. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Na kabla ya gurudumu la kwanza, nyonya mafuta meusi ya kikopo kwa bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano, ujaze mapya. Hakuna sababu ya kuyasukuma machafu kupitia bomba zote.

Watu wawili na pedali

Mmoja anakaa kitini, mwingine yuko chini na spana ya pete, mpira mwangavu wa kipenyo cha ndani cha milimita 5 au 6, na chupa yenye mafuta mapya kina cha vidole viwili. Spana huvishwa kwanza, kisha mpira juu ya nipo, ncha ya pili ikizama ndani ya mafuta.

Mazungumzo yawe mafupi na yasibadilike. Wa chini anasema "Kanyaga". Wa juu anakanyaga polepole mara tatu, ya tatu anashikilia, anajibu "Nimeshika". Wa chini anafungua nipo robo hadi nusu ya mzunguko. Pedali inashuka, mafuta yanatoka na mapovu. Anafunga. Ndipo anasema "Achia". Msaidizi akiachia kabla nipo haijafungwa, mfumo unavuta hewa kurudi na mmeanza upya, tena bila kujua. Kijana wa nyumbani anayechezea simu si msaidizi wa kazi hii.

Polepole ni sharti. Kukanyaga kwa pupa huvunja povu moja kubwa kuwa mamia ya madogo yanayoelea ndani ya mafuta kama ya soda, na hayo hayatoki hadi yatulie. Mkiona hivyo, funga, kunyweni chai dakika 20, mrudi.

Kila baada ya mikanyago mitano au sita, mtu aangalie kikopo. Kikikauka, hewa inaingia kutoka juu na magurudumu yote mliyokwisha kuyafanya yamebatilika.

Sasa ile mbao. Kwa kawaida pedali haifiki chini, kwa hiyo raba za masta silinda hutembea sehemu moja ya silinda miaka nenda miaka rudi. Sehemu ya mwisho, isiyotumika, hukusanya uchafu na kutu. Ukiikanyaga pedali hadi sakafuni mara arobaini, unazipeleka raba kukwaruzwa huko, na gari lililoingia na pedali laini linatoka na masta silinda inayovuja. Mafundi wengi hulaumiwa kwa hili ilhali masta silinda ilikuwa mzee tu. Kipande cha mbao cha unene wa sentimita 5 hivi chini ya pedali kinatosha. Jaribu kwanza kuona pedali bado ina mwendo wa kutosha kusukuma mafuta.

Nguvu ya njia hii ni kwamba hutumia shinikizo lenyewe la breki, linalong'oa povu lililojishika konani. Kingine ni kwamba haikudai kununua chochote isipokuwa mpira.

Chupa na mpira, peke yako

Ni ileile ya juu bila msaidizi. Mpira huinuliwa kwanza sentimita 20 hadi 30 juu ya nipo kabla ya kushuka chupani, ili hewa ipande na ibaki mbali, na ncha yake izame ndani ya mafuta muda wote. Unafungua nipo, unakanyaga polepole, unaachia polepole, unatoka kuangalia. Vipo vichupa vyenye vali ya njia moja inayozuia kurudi nyuma; vina nafuu, lakini vali haizuii hewa inayopenya kwenye nyuzi za nipo iliyolegezwa. Kwa sababu hiyo fungua kidogo iwezekanavyo, na mwisho wa kila gurudumu mwite mtu dakika moja tu akushikie pedali kwa mkanyago wa kufungia. Ukiwa na mtu wa kumwita dakika moja, basi mara nyingi unaye wa kumwita saa nzima, na hapo rudi kwenye njia ya kwanza.

Pampu ya kusukuma

Hii hufungwa juu ya kikopo badala ya kifuniko, ikasukuma mafuta kutoka juu. Unaipandisha hadi shinikizo la psi 10 au 15 (15 ni karibu bar 1), unakwenda gurudumu moja moja kufungua nipo, unatazama mafuta yakitoka mfululizo hadi yawe safi bila povu, unafunga. Pedali haiguswi, kwa hiyo masta silinda mzee anapumzika. Kwa kubadilisha mafuta yote hakuna ya kuifikia.

Udhaifu wake wote uko kwenye kifuniko. Shingo za vikopo hutofautiana gari hadi gari, na kifuniko cha "magari yote" kinachofungwa kwa minyororo huvuja kirahisi. Mafuta ya breki yakirukia rangi ya boneti, rangi inainuka. Kwa hiyo funga pampu ikiwa na hewa tu kwanza, pandisha psi 10, subiri dakika tano: mshale ukishuka, kifuniko hakijakaa. Weka ndoo ya maji karibu na tambara kuzunguka kikopo. Mafuta haya huoshwa na maji, bahati nzuri. Usipite psi 20. Plastiki ya kikopo iliyokaa karibu na injini miaka 15 haina deni na wewe.

Wako wanaojitengenezea kwa pampu ya kupulizia mimea ya lita 2. Inawezekana, ila iwe mpya isiyowahi kubeba dawa, iwe na geji, na itumike kusukuma hewa tu huku mafuta yakibaki kwenye kikopo. Hapo unasimama kila unapotoa mililita 150 hivi, unamaliza presha, unafungua, unajaza. Kumaliza presha kabla ya kufungua si jambo la kusahau, vinginevyo chumba chote cha injini kitaoga.

Pampu ya kuvuta

Pampu ya mkono yenye geji na kikombe, huvishwa kwenye nipo na kuvuta. Inavutia kwa sababu inafanana na kifaa cha kitaalamu na haihitaji mtu. Tatizo: ukishalegeza nipo, njia rahisi ya hewa ni kupitia nyuzi zake. Pampu inavuta hewa hiyo, mpira unajaa mapovu, na wewe unaendelea kuvuta ukidhani mfumo umejaa hewa. Nusu lita inaisha, mapovu yapo vilevile.

Yatofautishe hivi. Mapovu madogo yanayofuatana sawasawa kama uzi, yanayobadilika ukitikisa nipo, ni ya nyuzi. Makubwa yasiyo na mpangilio, yanayokuja na mafuta kisha kukoma, ni ya ndani. Grisi ya raba kidogo kuzunguka shina la nipo hupunguza ya uongo. Utepe wa nyuzi wa mafundi bomba pia husaidia, ila usifunike tundu wala ncha inayokaa kwenye kiti chake. Kwenye drami kuukuu kuna jambo jingine: raba za wili silinda, silinda ndogo iliyo ndani ya drami, zimeumbwa kuzuia msukumo wa kutoka ndani, na ukizivuta kwa nguvu zinaweza kuachia hewa ya nje kuingia.

Inapofaa ni kuvuta mafuta kwenye bomba lililokauka baada ya kubadilisha kalipa au hozi (bomba la mpira la breki), kisha umalizie kwa pedali.

Kuachia yatiririke

Fungua kifuniko, kiache kimekaa juu bila kubanwa, fungua nipo moja yenye mpira, ngoja. Nusu saa kwa gurudumu si ajabu, na mara nyingine ya nyuma hudondoka tone tone au hugoma. Ni mpole kwa kila kifaa. Ubaya wake hapa kwetu ni kuacha kikopo wazi nusu siku hewa ikiwa nzito. Siku ya mvua usiifikirie.

Pale ambapo njia yoyote haitoshi

Haibridi kwanza: Prius, Aqua, Axio na Fielder za haibridi. Breki zake huendeshwa na pampu ya umeme yenye shinikizo kubwa, na kutoa hewa kunahitaji kompyuta ya uchunguzi kuamuru vali. Hata kufungua mlango wa dereva kunaweza kuiamsha pampu. Zipeleke kwa fundi mwenye kifaa hicho.

Gari la kawaida lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) halina shida hiyo maadamu mfumo haukukauka. Hewa ikiingia ndani ya boksi la ABS, pedali hubaki laini hata ukitumia lita tatu, na hapo pia ni kompyuta. Masta silinda mpya nayo itolewe hewa mezani kabla ya kufungwa.

Na kama umebadilisha kalipa na pedali haikazi kwa njia yoyote, tazama nipo iko wapi. Lazima iwe juu ya kalipa. Ikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia, na povu limekaa juu likikutazama.

Kufunga kazi

Nipo hukazwa nyutoni-mita (Nm) 8 hadi 11 tu, yaani mkono mmoja na spana fupi; ukikaza kama nati ya gurudumu utaikata. Rudisha kofia za mpira, na iliyopotea inunuliwe mpya. Jaza kikopo hadi MAX, osha kila palipodondokewa. Mafuta machafu yana rangi ya chai na ni sumu: usiyatie kwenye chupa ya soda watoto wakaiona, wala mtaroni, maana mitaro ya kisiwani huishia baharini.

Washa injini, kanyaga kwa nguvu na ushikilie sekunde 30. Kushuka kidogo injini inapowaka ni busta ikifanya kazi yake. Kuendelea kushuka si kawaida. Halafu endesha barabara tupu ya mtaani, kilomita 20 kwa saa, ukifunga breki mara kadhaa, kabla ya kuiona Daraja la Nyali. Asubuhi inayofuata pitisha kidole nyuma ya kila nipo na utazame kikopo. Kidole kikitoka na unyevu wa utelezi, kaza kidogo na ufute. Kikitoka nao tena jioni, kiti cha nipo kimeliwa na nipo ibadilishwe kabla gari halijatoka.